Habari Isiyofika Karungu

Tangu turudi kutoka ziwani, kila anayepita kwetu ana swali lake. Mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha ameniuliza kama kweli meli inatapisha. Jirani yetu wa ng'ambo ya kijito ameuliza kama Baba alikula samaki. Ninyi wenzangu wa rika mmeuliza lile swali kubwa, tena kwa adabu, mkitazama pembeni: kulitokea nini huko, hata Mzee Mwita akarudi na wana wawili na hakuna hata mmoja aliyekuwa akicheka? Nimekuwa nikijibu nusu. Ile nusu niliyoificha ndiyo safari yenyewe, kwa hiyo nimeiandika hapa, mpokezane. Mkimaliza mnihukumu, ila msome mpaka mwisho.

Kegonga hadi Kehancha, kwa miguu

Baba alinitangazia safari asubuhi akiwa anakamua. Hakugeuza uso kutoka ubavuni mwa ng'ombe.

"Marwa, shule ikifungwa tutakwenda kwa kaka yako."

Nilidhani sikusikia vizuri. Kaka yangu Chacha mnamkumbuka. Aliondoka hapa miaka minne iliyopita, akaenda Karungu kando ya ziwa, akajifunza kuunda mashua, akaoa msichana wa Kijaluo aitwaye Akinyi. Mama yetu alipofariki mwaka jana, kabla ya mvua za masika, Chacha hakuja kumzika. Tangu siku hiyo Baba hakulitamka jina lake. Alimzika mkewe, akanyoa nywele, akaufunga kwa kamba mlango wa jiko la Mama, akarudi kwa ng'ombe wake. Chakula nilichompikia alikuwa akikigusa tu, kisha anawaita kuku.

"Kwenda kufanya nini, Tata?" nilimwuliza. Kwa Kikuria ndivyo tunavyomwita baba.

"Nina neno la kumwambia."

"Naweza kumwandikia barua."

"Neno hili haliandikwi," akasema, akahamia chuchu nyingine.

Sina haja ya kuwaeleza ninyi uzito wa neno la mzazi. Sote tumekua tukiuogopa mdomo wa baba aliyekasirika kuliko fimbo yake. Nilijiambia: mzee anakwenda kumlaani. Atasimama mbele ya mwanawe wa kwanza, amwambie kwamba aliyeshindwa kumzika mama yake naye asipate wa kumzika. Nikaogopa, na si kwa kumhurumia Chacha tu.

Tuliondoka umande haujakauka. Baba alishika fimbo na kibuyu cha maziwa ya mgando. Mimi nilibeba viazi vitamu vya kuchemsha na mablanketi mawili. Mwendo ule ungetuchukua nusu siku. Tulifika Kehancha jua likizama, kwa sababu Baba ana mtu wa rika lake kila mlima, na huwezi kulipita boma la mwenzako kama mbwa anayefuata harufu. Kila boma tulikaa, tukapewa uji wa wimbi, tukaulizwa tunakwenda wapi, na kila mara Baba alijibu, "Kutazama ng'ombe."

Boma la nne, bibi mmoja ambaye macho yake yamefifia alimshika Baba mkono, akampa pole ya Mama, kisha akasema, "Na yule mtoto aliyekataa kuja kumzika mama yake, mmesikia yuko wapi?"

"Hakukataa," Baba akasema. "Hakuja."

"Kuna tofauti gani?"

Baba alimaliza uji wake wote, akasimama, akachukua fimbo yake. Mimi nilikuwa nikivitazama vidole vyangu vya miguu, kwa maana ndani ya nyumba ile nilikuwa mtu pekee aliyeijua tofauti.

Kehancha hadi Migori, juu ya mahindi

Kesho yake tulipata lori la mahindi. Tulipanda juu ya magunia, na kwa kuwa Baba hakuwa amewahi kupanda gari linaloyumba vile, nilikuwa nikimpigia kelele: "Tata, shika kamba! Tata, inama, kuna tawi!"

Lori likasimama. Dereva, Mjaluo mwenye kofia ya sufu, akatoa kichwa dirishani.

"Tatizo nini huko juu?"

"Hakuna tatizo."

Tukaenda. Nikaita tena. Lori likasimama tena. Mara ya tatu dereva alishuka kabisa, akalizunguka gari akiyachungulia magurudumu.

"Unasema tata, tata! Mimi nafikiri gunia imeanguka!"

"Namwita mzee wangu. Tata ni baba."

"Sasa si useme baba!" akasema, akapanda akibamiza mlango.

Nilipomtafsiria Baba, alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa hajacheka tangu mazishi. Nami, badala ya kufurahi, nilijisikia mwizi anayekaribishwa chakula na mwenye nyumba.

Baadaye gurudumu lilipasuka kweli. Tulikaa kando ya barabara tangu asubuhi ile mpaka alasiri, tukichoma mahindi ya dereva mwenyewe, huku akitueleza jinsi baba yake alivyokuwa akimpiga kwa kuliacha jembe shambani. Alieleza kama mtu anayesifia chakula cha kwao. "Sasa amekufa," akasema, "na hakuna mtu wa kuniuliza jembe iko wapi."

Migori, siku mbili tusizozipanga

Migori tulikuta habari moja midomoni mwa watu wote: mto Kuja umefurika na gari la Karungu haliendi. "Maji imekula barabara," walituambia. Lini litakwenda? "Maji ikishiba."

Tukapata chumba nyuma ya hoteli ya chai. Baba aliposukuma mlango wa mbele ili tule, niliitambua hoteli ile, na miguu yangu ikagoma kizingitini. Niliijua benchi iliyokuwa chini ya dirisha. Nilikuwa nimeikalia mwaka mmoja nyuma.

Sasa niseme.

Mama aliugua karibu miaka miwili, na mwana aliyekuwa nyumbani ni mimi. Nilimwosha, nilimpikia, nilimbeba kumtoa nje ili aote jua. Siku zake za mwisho hakumtambua mtu. Kila nilipomnywesha maji alinishika mkono na kusema, "Chacha." Hakusema Marwa hata mara moja. Nilikuwa na hasira ambayo siwezi kuitetea, kwa maana unawezaje kumkasirikia mgonjwa? Basi nikamkasirikia Chacha.

Mama alipokata roho, Baba alinituma Migori. "Tafuta mtu anayekwenda Karungu. Amwambie kaka yako aje. Tutamngoja siku mbili." Nilifika hapa mchana, nikamkuta sokoni mama mmoja muuza samaki aitwaye Awuor, mtu wa Karungu. Nilimwambia mimi ni mwalimu wa Kegonga, nikamwuliza kama anarudi kwao. Alisema anarudi siku ile ile, gari li tayari. Nikafungua mdomo. Kisha nikasema, "Basi, mama, asante," nikaingia katika hoteli hii, nikakaa kwenye benchi ile, nikanywa chai mpaka nikalisikia gari likiondoka. Nilijiambia: kwa Mama, acha kuwe na jambo moja ambalo ni langu peke yangu.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Baba, "Nimetuma." Tukangoja siku mbili. Tukazika. Watu wakasema Chacha amekataa kuja, nami nikaacha waseme.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani wakati Baba alipokuwa akichovya mandazi kwenye chai, akisema chai ya Migori ni tamu kuliko ya kwetu.

Siku ya pili tulipita sokoni, na mtu niliyemwogopa akaniona kabla sijamwona.

"Mwalimu!" Awuor aliita akiwa nyuma ya meza yake ya samaki wakavu. "Wewe si ndiye ulikuja hapa mwaka jana, macho mekundu, unaniuliza kama narudi Karungu? Halafu unasema basi. Mimi nilisimamisha gari kidogo, nikafikiri uko na barua."

Kiswahili cha Baba ni kile cha mnadani: ng'ombe, ndama, ongeza, punguza. Akaniuliza kwa Kikuria, "Anasema nini?"

"Anasema barabara bado imefungwa."

Awuor hakijui Kikuria, lakini alimtazama Baba, akanitazama mimi, na tabasamu lake likaondoka. Akachagua samaki mmoja mkubwa, akamfunga kwa gazeti, akampa Baba kwa mikono miwili. "Jaduong', beba hii. Njia ni ndefu." Jaduong' ni neno lao la kumheshimu mzee. Baba hakuwa amewahi kumgusa samaki maishani mwake. Alimpokea, akamshukuru, na siku nzima akatembea naye mkono ukiwa umenyooshwa mbali na mwili.

Migori hadi Karungu, mgongoni mwa mtu

Siku ya tatu gari lilikubali kwenda, lakini mpaka mtoni tu. Ukingo ulikuwa umemegeka, na vijana wenye nguvu walikuwa wakiwavusha watu migongoni huku wameshika kamba iliyofungwa mti kwa mti. Wanawake walivushwa, na mbuzi walivushwa pia. Baba alisimama pale akiangalia.

"Mimi nitavuka kwa miguu yangu," akasema.

"Maji ni ya kifua, Tata."

"Nilibebwa mara ya mwisho na mama yangu."

Kijana mmoja mrefu, mabega kama ya fahali, alichutama mbele yake bila kuuliza. "Jaduong', panda. Shika shingo, lakini usinikabe." Baba akanitazama kama mtu anayeomba shahidi asishuhudie. Nikageuka. Niliposikia maji yakichuruzika nikatazama: mzee yule anayeogopwa na mafahali yuko mgongoni mwa mgeni, macho ameyafumba, fimbo juu, samaki wa Awuor mkononi. Ng'ambo ya pili hakumwachilia kijana mara moja. Alimshika kichwa, akamtemea mate kidogo ya baraka kwenye paji la uso. Kijana akashtuka, akajipangusa.

"Mzee ananitemea kwa nini? Nimemfanyia nini mbaya?"

"Amekubariki," nikasema. "Kwetu ndivyo."

Kijana akafikiri. "Basi anitemee tena. Leo nitabeba watu wengi."

Tukatembea uwanda wa matope jioni yote, tukalala kwa mkulima mmoja aliyetupa ugali wa mtama na mboga chungu, na asubuhi tukaliona ziwa.

Karungu

Baba alisimama muda mrefu.

"Ng'ambo iko wapi?"

"Huwezi kuiona kutoka hapa."

"Basi nani aliyejua kwamba ipo?"

Ziwa lilikuwa limepanda, kama lilivyopanda kila mahali miaka hii. Miti ilisimama majini hadi kiunoni, na nguzo za nyumba zilichomoza mahali ambapo watu walikuwa wakila na kulala. Tukaanza kuulizia. Chacha? Hakuna aliyemjua. Chacha Mwita? Walitikisa vichwa. Mpaka saa sita tulikuwa tumeuliza ufuo mzima. Mwishowe nikamwendea mama mmoja aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwa lile, nikamweleza: fundi wa mashua, Mkuria, amemwoa Akinyi.

"Ah, Jakuria!" akasema. Kumbe miaka yote hiyo jina lake hapa lilikuwa kabila lake. "Huyo hakuna. Maji ilikuja ikachukua nyumba yake, hata kitanda. Yeye akaenda na maji."

"Akaenda na maji?"

"Eh. Na bibi yake, na mtoto. Wote."

Sikuwa na haja ya kutafsiri. Neno maji Baba alikuwa amelisikia Migori siku mbili, na mkono wa yule mama ulikuwa ukionyesha ziwani. Baba akakaa mchangani.

"Nimemwua kwa mdomo wangu," akasema.

"Tata, ni maji."

"Wewe hujui. Siku aliyoondoka nilimfuata mpaka mlango wa boma. Nilimwambia, nenda, hao watu wako wa maji wakuzike. Nilisema hivyo. Kwa mwanangu wa kwanza." Alikuwa akipiga mchanga kwa kiganja, polepole. "Nimekuja kulirudisha neno langu. Nimechelewa."

Nikaelewa. Kumbe hakuja kulaani. Alikuja kuomba radhi. Mwaka mzima alikuwa akiamini kwamba Chacha hakuja mazishini kwa sababu ya neno lile, na hakumlaumu. Nilitaka kusema la kwangu, nikaliacha, kwa maana Chacha niliyepaswa kumwomba msamaha alikuwa chini ya maji yale pamoja na mtoto ambaye sikuwahi kumwona. Nililia kama mtoto.

Yule mama aliacha omena zake, akaja mbio.

"Jaduong' analia nini?"

"Anamlilia mwanawe."

"Mwanawe amekufa? Lini?"

"Si wewe umesema amechukuliwa na maji?"

"Mimi?" Alipiga makofi, akashika kichwa. "Mimi nimesema maji ilichukua nyumba! Yeye akaenda na maji, na meli! Akaenda Homa Bay! Anatengeneza mashua huko, mwezi jana nimemwona na macho yangu!"

Nilimtafsiria Baba mara mbili kabla hajaniamini. Kisha yule mama akacheka, akalia, akatukaripia sote wawili kwa Kijaluo, akatuburuta mpaka kwake. Alimchemsha samaki mbichi mkubwa, akampika na yule mkavu wa Awuor, akasonga ugali mgumu wa kukatika kwa mkono. Baba alikula. Ndiyo, jirani, alikula samaki, akalamba vidole, akasema nyama hii haina kosa ila miiba.

Melini

Meli ilichelewa siku nzima. Ilipokuja tulipanda pamoja na vikapu, kuku, na baiskeli zisizohesabika. Na kweli inatapisha, mwalimu mkuu, lakini ilinitapisha mimi. Baba alisimama imara kama aliyezaliwa humo, ameshika chuma cha ukingoni, akiuliza jina la kila kisiwa.

Nilijua tukifika Homa Bay Chacha ataulizwa kwa nini hakuja, naye atajibu. Nilitaka Baba asikie kutoka kwangu. Nikasimama karibu naye.

"Tata, mwaka jana uliponituma Migori, sikutuma."

Aliendelea kutazama maji.

"Ulikosa mtu?"

"Nilimpata."

"Alikuwa anakwenda?"

"Siku ile ile."

"Ni yule mama aliyenipa samaki."

"Ndiye."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Mama alikuwa akimwita Chacha tu, na mimi nilikuwa nimechoka. Maneno yaliyonichoma mwaka mzima yalipotoka nje yalikuwa madogo sana, hata nikaona haya.

Baba alikitazama kisiwa kimoja mpaka kikatupita. "Mwaka mzima nimejiambia hakuja kwa sababu ya neno langu," akasema.

"Sikujua kuhusu neno lako, Tata."

"Ulijua nilikuwa sili."

Hakupaza sauti. Aliuachia ule ukingo, akaenda upande wa pili wa meli, akakaa kati ya akina mama wenye kuku. Nilimwona mmoja akimmenyea chungwa. Alilipokea, akala, na hakugeuka kunitazama mpaka tulipofika.

Homa Bay

Tuliifuata sauti ya nyundo. Chacha alikuwa ndani ya mashua isiyomalizika, amepiga magoti, vumbi la mbao kwenye nywele. Alipoinua kichwa hakutuamini mara moja. Kisha akaruka nje, akaja mbio, akainama mbele ya Baba. Baba akamwekea mikono kichwani, akaiacha hapo.

Chacha akanikumbatia mimi pia, kwa nguvu, akicheka. Akatazama njia tuliyotoka.

"Na Mama? Mmemwacha nyuma? Miguu bado inamsumbua?"

Mpaka pale nilikuwa nimefikiria maneno yake yote isipokuwa hayo. Nilimgeukia Baba.

"Marwa atakuambia," Baba akasema.

Nikamwambia. Nilimwambia kifo, kisha nikamwambia la pili, pale pale, tumesimama. Chacha alisikiliza. Alikuwa bado ameshika nyundo, akaiinamia na kuilaza chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Lini?"

"Mwaka jana, kabla ya masika."

"Nilikuwa nimepanga kumpelekea mjukuu Krismasi hii," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akaingia majini mpaka magotini, akatugeuzia mgongo.

Tulikaa kwake siku nne. Siku ya kwanza Baba aliwaita Chacha na Akinyi, mtoto yuko mgongoni mwa mama yake. Alichota maji ya ziwa kwa kiganja, akayatia kinywani, akawapulizia. "Nilisema watu wa maji wakuzike. Nalirudisha neno hilo. Utazikwa na watoto wako, nawe utakuwa mzee kuliko mimi. Na wewe, mama, nilikutukana kabla sijakujua." Akinyi, ambaye alikuwa akiokota neno moja moja la Kikuria, alipiga magoti. "Baba, mimi nimesahau," akasema kwa Kiswahili, na Baba akaelewa bila mimi.

Chacha hakunisemesha mimi. Hakunifukuza, hakunitukana. Nilipoingia alitoka. Akinyi ndiye aliyenipakulia. "Shemeji, kula," alikuwa akisema. Siku ya tatu aliongeza kwa sauti ya chini, "Yeye hasemi. Lakini ameniuliza kama wewe umekula."

Kurudi nyumbani

Chacha alisema atakuja nasi kuliona kaburi. Akinyi na mtoto watakuja mashamba yakishavunwa. Tulirudi kwa barabara, kupitia Rongo, kwa basi, Baba amekaa katikati.

"Tata, mwambie Marwa anipe kibuyu," Chacha alikuwa akisema.

Baba, bila kugeuza kichwa: "Marwa, kaka yako anataka kibuyu."

Nikimpa Baba, Baba anampa Chacha. Mama mmoja wa kiti cha mbele aliuliza kama yule mwingine ni kiziwi. Baba akajibu kwa Kiswahili chake cha mnadani, "Ng'ombe mbili, kamba moja. Polepole."

Migori hatukulala. Nilishuka tu, nikamtafuta Awuor, nikamwambia kwamba mwaka jana nilikuwa na habari ya msiba na sikumpa. Alisema, "Nilijua. Mtu hana macho ile bila msiba." Akaniuliza kama mzee alikula samaki wake, akafurahi kusikia.

Tulifika Kegonga mchana, na mliotuona mliona kama mnavyosema: watatu, kimya. Baba alikwenda kuwaangalia ndama. Chacha alizunguka nyuma ya nyumba, peke yake. Mimi nilibaki mlangoni mwa boma, maana nilifikiri saa ile si yangu. Nilikuwa nimejitwalia ile ya kwanza, ya mazishi; hii ya pili ilikuwa yake.

Alirudi upesi kuliko nilivyotarajia. Akasimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu Homa Bay akaongea nami mwenyewe.

"Sijui kichwa chake kiko upande gani. Nimemwuliza Tata, akasema nikuulize wewe."

Nikampeleka. Kaburi limeota majani, na mtu asiyekuwepo hawezi kujua. Nikamwonyesha, "Hapa." Akachutama upande wa kichwa, akaanza kung'oa majani, moja moja. Mimi nilisimama.

"Alikuwa akiniita kweli?" akauliza. "Au ulisema ili ujitetee?"

"Alikuwa akikuita. Kila nilipompa maji."

"Na wewe ulimwambiaje?"

"Mwanzoni nilimwambia, mimi ni Marwa. Lakini nikisema hivyo alihangaika, akawa anatazama mlangoni. Siku ya mwisho nikaacha. Aliposema Chacha, niliitika."

Mikono yake ikasimama.

"Uliitika?"

"Nilimwambia, 'Niko hapa, Mama.' Akanishika mkono. Hakutazama mlangoni tena."

Chacha alikaa kabisa chini, majani bado mkononi. Machozi yalikuwa yakishuka na hakuyapangusa.

"Basi alijua nimekuja," akasema.

Akajisogeza kidogo upande, akapiga ardhi kwa kiganja mara moja, nami nikakaa.